Mahari ya Magurudumu Manne

Bakora iligonga unyayo wa Wanzagi mara ya pili, na safari hii iliuma.

"Mura! Kijana, toka huko chini. Nimekuuliza, ng'ombe zangu ziko wapi?"

Mliokuwa nasi wiki iliyopita mnaijua sauti hiyo. Ni ya Mzee Nyamburi wa Butiama, baba mzazi wa fundi wetu, mtu ambaye hata akikuuliza saa unajikuta unaomba radhi. Nawe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa karanga, shika moja tu utatuelewa: mzee alimpa mwanawe ng'ombe tisa wa kuolea. Mwana akawaswaga mpaka kwa Mgiriki mmoja mnunuzi wa pamba, aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao, akapewa gari. MG jekundu, viti viwili, paa hakuna. Hayo yalitokea mwaka jana, na baba mtu alikuwa bado hajui.

Gari lenyewe ndilo hilo lililokuwa juu ya jeki, na Wanzagi ndiye huyo aliyelala chini yake, anaomba jeki iteleze.

"Shikamoo, Baba," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Nimekuja kuona ng'ombe, sikuja kuona soli za viatu."

Wanzagi akajiburuta akatoka, uso mweusi kwa grisi. Walikuwa Nyakato, pale Musoma, nyuma ya nyumba ya mama yake Clementi, katika banda la mbuzi ambalo vijana watatu walilinyang'anya na kuliita gereji. Mbuzi walihamia jikoni. Mama yake Clementi aliapa kuwalaani wote watatu, lakini alikuwa bado anatafuta nafasi.

Clementi mwenyewe alikuwa amesimama kando ya injini, kipande cha mpira wa maji kinaning'inia shingoni kama cha daktari. Mpira huo ndio waliokuwa wakitumia kusikiliza kabureta. Gari lile lina kabureta mbili, na lazima zivute pumzi sawasawa. Moja ikimzidi mwenzake, injini inakohoa, inatetemeka, inazima. Miezi sita walizisuluhisha kama wake wenza. Leo hii imekubali, kesho ile imenuna.

Wa tatu, Silasi, alikaa juu ya debe na kitabu cha gari mapajani. Alifika darasa la nane, kwa hiyo Kiingereza chote kilikuwa juu yake.

"Nasubiri jibu," alisema Mzee Nyamburi.

"Ng'ombe wapo, Baba. Wapo salama. Nimewaweka kwa rafiki yangu."

"Wapi?"

"Bunda."

Lo! Mtu akidanganya haraka, ulimi humpeleka kule moyo unakokaa. Bunda ndiko anakokaa Gati, na Gati ndiye huyo aliyekuwa aolewe kwa ng'ombe hao. Angesema Murangi, angesema Tarime, angesema hata Kenya. Akasema Bunda, mlangoni kwa mkwe.

"Vizuri," alisema mzee. "Kesho mkweo Mseti anakuja kwangu kuzikagua, nami nimechoka kumwambia kesho. Twende tukazichukue sasa hivi."

"Sasa hivi? Basi limeshaondoka, Baba."

"Na hii nini?" Bakora ikaelekea kwenye gari.

"Hii ni ya mteja," alidakia Clementi.

"Mteja yuko wapi?"

"Amesafiri, Mzee."

"Basi hatatuona. Shusheni."

Wanzagi hakuogopa sana. Alilijua gari lile, mwanamke mwekundu yule. Miezi sita hajawahi kuwaka zaidi ya muda wa kutafuna muwa mmoja. Watasukuma, watatoka jasho, mzee atatukana, kisha atapanda basi la kesho, na kesho ina Mungu wake.

Akaketi kwenye usukani, akavuta stata kwa dharau.

Gari likawaka.

Si kuwaka tu, liliitika! Likanguruma laini, halikohoi, halitetemeki, kabureta mbili zinapumua kama pacha. Clementi akachomeka mpira sikioni, akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili, machozi yakamtoka.

"Zimepatana!" alipiga kelele. "Wanzagi, zimepatana!"

"Nyamaza wewe mjinga," alinong'ona Wanzagi.

Silasi akafunga kitabu. "Breki lakini mwende nazo polepole," alisema. "Ile oili yake haipo mjini kote. Nimetia mafuta ya mbegu za pamba."

"Ya kupikia?"

"Kitabu kinasema oili. Hakikusema isipikiwe."

Mzee Nyamburi alikuwa ameshakaa, bakora katikati ya magoti. Clementi, ambaye hakuwa tayari kukosa mkasa huu hata kwa dawa, akaruka akakaa juu ya buti nyuma yao. Wakatoka. Balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa akisema kila kikao kwamba gari la viti viwili katika nchi ya ujamaa ni ubinafsi, aliwaona watatu wamebanana akakosa la kusema.

Barabara ya Bunda ni vumbi na mawe. Wanzagi alikwenda taratibu, huku anatafuta kichwani uongo wa pili wa kuufukia wa kwanza. Ndipo akasikia baba yake anasema kitu.

"Unasemaje, Baba?"

"Nasema, hii ndio mwendo wake wote?"

Wanzagi akakanyaga mafuta kidogo. Upepo ukamvua mzee kofia, Clementi akaidaka.

"Ongeza!" alisema mzee.

Akaongeza. Mzee Nyamburi, mtu aliyekuwa hacheki hata harusini, alikuwa amefumbua mdomo na vumbi linaingia. Kila walipopita watu alinyanyua bakora kuwasalimia kama mgeni wa taifa. Kwenye njia panda ya Butiama aliwaona wazee wenzake wamekaa dukani, akaagiza warudi nyuma wapite tena.

"Huyo mteja wenu ni mtu mwenye akili," alisema. "Mimi ningekuwa na kitu kama hii, nisingelalaga nyumbani."

Wanzagi akamtazama. Akawaza, sema sasa. Mwambie sasa hivi akiwa amefurahi. Baba, gari ni lako, umelikalia zizi lako zima. Akafungua mdomo.

"Breki!" alipiga ukelele Clementi.

Kundi la ng'ombe lilikuwa limejaa barabarani. Wanzagi akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likateleza, likazunguka nusu, likasimama pua yake ikiwa imegusa ubavu wa jike mmoja mweupe. Moshi ukatoka magurudumuni, na njia nzima ikanukia maandazi.

Nyuma ya ng'ombe walikuwa watu wawili. Mmoja kijana nadhifu, shati jeupe, baiskeli mkononi. Huyo ni Mayala, karani wa kupimia pamba. Wa pili alikuwa mzee mfupi mwenye tumbo, na Wanzagi alipomwona akazama nyuma ya usukani. Alikuwa Mzee Mseti, baba yake Gati.

Lakini Mzee Nyamburi hakuwatazama watu. Alikuwa ameshuka, anamtazama yule jike mweupe. Akasogea, akamshika sikio, akaligeuza, akaona ule mkato wa ukoo wake.

"Uhuru?" alisema polepole.

Ng'ombe akamlamba mkono.

Ndiyo, aliitwa Uhuru. Alizaliwa wiki ile ile bendera ilipopanda, na mzee alimpenda kuliko baadhi ya wanawe. Akapita kwa wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa, anawaita kwa majina nao wanageuka. Kisha akamgeukia Mseti.

"Mseti. Ng'ombe zangu zinafanya nini mkononi mwako?"

"Zako?" Mseti alishangaa. "Hawa nimepewa leo na huyu kijana."

"Kijana! Umetoa wapi ng'ombe zangu?"

"Nimenunua," alijibu Mayala.

"Kwa nani?"

"Kwa Mgiriki. Ameshakwenda kwao."

Hapo Mzee Nyamburi hakuhitaji kusikia zaidi. Akaweka mkono mdomoni, akapiga yowe la ng'ombe walioibwa.

Ukiwa mtu wa Mara sikuhadithii yowe hilo. Ukiwa mtu wa kwingine, jua hivi: ukilisikia unaacha jembe, unaacha sahani, unaacha hata mkeo katikati ya ugomvi, unakwenda na ulichonacho mkononi. Waliokuwa wakichuma pamba walitoka pande zote mbili za barabara na marungu, mapanga, mmoja na mwiko. Kabla vumbi halijatulia Mayala alikuwa katikati ya duara, shati jeupe limeshashikwa kola.

"Mwizi ni huyu?" aliuliza mwenye mwiko.

"Ndiye," alisema Mzee Nyamburi.

"Sijaiba! Nimenunua jamani!" alilia Mayala. "Nimenunua nioe!"

"Uoe nani?" Wanzagi alijikuta anauliza.

Mayala akamtazama kwa macho ya mtu anayezama. "Gati," alisema. "Binti wa huyu mzee. Hawa ndio mahari."

Hebu simama hapo na Wanzagi kidogo. Ng'ombe wake mwenyewe, wa baba yake, walikuwa njiani kwenda kumwolea mtu mwingine mchumba wake. Na huyo mtu mwingine alikuwa ameshikwa kola na wanaume ishirini wenye marungu, na wa kumtetea ni mmoja tu duniani. Akinyamaza, Mayala atapigwa mpaka asahau kwao, na Gati atabaki wake. Kazi yenyewe ni kunyamaza tu.

Clementi alimkanyaga mguu. "Funga mdomo," alinong'ona. "Leo Mungu anakupenda."

Rungu la kwanza likanyanyuka.

"Muacheni!" Wanzagi alipanda juu ya kiti cha gari. "Muacheni, si mwizi. Ng'ombe niliwatoa mimi. Nilimpa Mgiriki, akanipa hii gari."

Hata ng'ombe waliacha kutafuna.

"Umempa mgeni Uhuru?" alisema mzee mmoja wa wachuma pamba, na waliokuwa karibu wakaguna kwa uchungu.

Mzee Nyamburi alilitazama gari, akamtazama mwanawe, akalitazama tena gari.

"Kwa hiyo kutoka Musoma mpaka hapa nimekaa juu ya ng'ombe zangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Na nikasema ongeza mwendo?"

"Mara tatu, Baba."

"Nne," alisema Clementi, akatamani papo hapo asingesema.

Bakora ikanyanyuka. Wanzagi akafumba macho. Ikatua kwenye boneti, paa! Na mzee akabaki ameiinamia, mabega yanacheza, na hakuna aliyejua kama analia au anafanya nini.

"Basi tumekimbia bure," alisema mwenye mwiko. "Yowe la bure lina faini yake ya nyama. Nani anachinja?"

Mzee Nyamburi alikuwa ameinuka, macho makavu, amemgeukia Mseti.

"Kesho ulikuwa uje kwangu. Leo unapokea ng'ombe za mtu mwingine?"

"Mwaka mzima nimesubiri kesho yako," alisema Mseti bila haya. "Huyu ameleta leo. Lakini sijamwonea mtu. Ng'ombe hawajaingia zizini kwangu. Mpaka kiingie kitu zizini, binti yangu hana mwenyewe. Ndivyo tunavyofanyaga sisi, na ndivyo mnavyofanyaga nyie."

Mayala alikuwa karani, lakini si mpumbavu. Aliposikia hivyo akachomoa kola yake, akakata tawi, akaanza kuwaswaga ng'ombe mbio kuelekea kilimani.

Mzee Nyamburi akawatazama wanavyokwenda. "Zizi la Mseti liko wapi?" aliuliza.

"Pale juu," alisema Wanzagi. "Kwenye ua wa minyaa."

Mzee akaingia garini, akakaa, akaweka bakora magotini.

"Ng'ombe zinatembea," alisema. "Hii kitu inakimbia. Washa."

Msomaji, MG si trekta. Ilipita juu ya matuta ya pamba inaruka kama mbuzi, Clementi nyuma ameshika alichoweza kushika, mzee anaelekeza kwa bakora, "Kulia! Jiwe! Ongeza!" Wakawapita ng'ombe, wakampita Mayala, kiatu kimoja kimebaki matutani. Lango la zizi lilikuwa wazi, limeandaliwa kwa wageni. Wanzagi hakuuliza mara mbili. Akaingia nalo moja kwa moja, likazama kwenye samadi mpaka nusu ya magurudumu, likazima.

Mzee Nyamburi akashuka, samadi mpaka vifundoni, akalipiga gari begani mara moja kwa bakora, kama mtu anavyompiga ng'ombe anayemkabidhi.

"Nimeleta," alisema.

Mseti alifika anahema, jasho linamchuruzika tumboni. "Hiyo si ng'ombe!"

"Ulisema kitu. Hukusema chenye mkia."

Mseti akalizunguka gari. Akagusa taa. Akachungulia ndani, akapapasa kiti.

"Hii ni ngozi ya nini?"

"Ya ng'ombe, Mzee," alisema Wanzagi.

"Mh. Angalau." Akaketi, tumbo likagusa usukani. Akageuza usukani kushoto, akageuza kulia. "Wale wakubwa wanakatazwa na Azimio la Arusha," alijisemea. "Mimi si kiongozi. Mimi mkulima tu." Uso ukamlainika. "Nyamburi, nimepokea. Fungeni lango, wasiingie hao wengine."

Clementi akaruka kuyapachika magogo mawili ya lango. Wanzagi akapenyeza mkono, akachomoa ufunguo. Mkono wake haukutaka kuuachia. Mwaka mzima wa maisha yake ulikuwa ndani ya chuma kile, kila nati aliijua kwa kidole, na ilimuuma, kwa kweli ilimuuma kama kumpa mtu mtoto. Lakini akauweka kwenye kiganja cha mkwe wake, na moyo ukamwambia, basi, Gati ni wako. Akacheka peke yake.

"Uliwatoa lini?"

Akageuka. Gati alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba ya mama yake, kanga ya kupokelea wageni begani. Alikuwa pale muda wote, na kelele za barabarani zote zilimfikia.

"Gati, mahari imeingia! Baba yako amepokea!"

"Nimekuuliza, ng'ombe uliwatoa lini?"

"Mwaka jana," alisema Wanzagi. "Baada ya pamba."

Gati akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa.

"Kila Jumapili ulikuwaga unakuja hapa. Nakuuliza ng'ombe hawajambo, unasema hawajambo. Ukaniambia mmoja anakohoa, nikakosa usingizi. Ukaniambia mweusi amezaa, jike, ana doa usoni. Ukaniambia nimpe jina." Akaivuta kanga begani. "Nikampa jina, Wanzagi. Nikawaambia wenzangu wote kisimani jina la ndama ambaye hayupo."

"Nilitaka kukwambia. Nilisubiri gari liwake kwanza."

"Gari halina kosa. Ungeniambia, ningekucheka mwezi mzima, kisha ningekuja kukushikia spana. Mimi ningeolewa hata kwa baiskeli." Akafuta macho kwa kanga. "Mtu anayeweza kuzalisha ng'ombe kwa mdomo tu, siku nikiwa kwake atanizalishia nini?"

Wanzagi alitafuta uongo, kwa mazoea, akakuta umekwisha, na palipokuwa na uongo palikuwa na aibu tu.

"Gati, nisamehe. Sina cha kusema."

"Hilo ndilo la kwanza la kweli."

Akampita. Akapita kati ya wazee wawili kama anapita kati ya mawe, akaenda mpaka langoni. Nje, Mayala alikuwa amefika, kiatu kimoja, kola imechanika, ng'ombe tisa wanasukumana nyuma yake.

"Wewe," alimwambia. "Hawa umewanunua kweli?"

"Kweli."

"Kuna hata mmoja umeniongezea kwa mdomo?"

"Hawa unaowaona ndio hao," alisema Mayala.

"Gati!" Mzee Mseti alipiga kelele kutoka garini, tumbo limekwama kwenye usukani. "Nimeshapokea! Rudi ndani!"

Gati hakugeuka. Akashika gogo la juu kwa mikono miwili, akalitoa, akaliweka chini taratibu. Kisha akainama kushika la pili.